Gari la Moshi na Mfuko wa Mchele: Shehena ya Juba kati ya Lori na Reli

Katika kipindi cha msamiati wa usafiri, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake la haraka. Tulikuwa tumeandika ubaoni maneno mawili, treni na gari la moshi, tukaeleza kuwa la pili ni la zamani, la enzi za injini zilizochoma kuni na makaa ya mawe. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona tunasikia redioni kwamba mizigo ihamie kwenye reli ili kupunguza moshi? Gari la moshi litapunguzaje moshi?" Darasa lilicheka. Sisi pia tulicheka, kisha tukamwahidi kuwa tutalijibu swali lake katika kurasa hizi.

Wasomaji wetu wengi hawajawahi kupanda treni. Wale waliokulia Kakuma, Kiryandongo au Adjumani walirudi nyumbani kwa basi au nyuma ya lori, na kila kitu kinachouzwa Konyo Konyo wamekiona kikishushwa kutoka lori. Kwa hiyo mwanafunzi anaposoma habari kuhusu reli hukutana na maneno asiyoyapatia picha: behewa, mataruma, bandari kavu, geji. Tukianza na picha, huenda hesabu ikafuata kwa urahisi.

Kwanza tulisahihishe swali lenyewe, maana tatizo lake la kwanza ni la kilugha. Moshi ni kitu kinachoonekana. Ule weusi unaotoka katika bomba la lori lililochoka likipanda mlima ni masizi, yaani chembechembe za mafuta ambayo hayakuungua vizuri. Masizi ni adui wa mapafu. Lakini gesi inayotajwa katika mijadala ya tabianchi ni nyingine. Haina rangi wala harufu, na lori jipya lisilotoa moshi wowote wa kuonekana huitoa vilevile. Kiswahili kimeipa jina hewaukaa (wengine huandika hewa ukaa), jina lililojengwa juu ya shina lile lile la makaa. Mtu anayesema "kupunguza moshi" akikusudia hewaukaa anawafanya wasikilizaji wadhani kwamba gari lisilo na moshi halina kosa. Tunawashauri walimu walitenganishe jambo hili mapema, kwa kuwa tukilichanganya hapa, kila kinachofuata kitayumba.

Kuna jambo moja katika hewaukaa ambalo huwashangaza wanafunzi, na walimu pia. Lita moja ya dizeli ina uzito usiofika kilo moja, lakini ikiungua hutoa kilo 2.7 hivi za hewaukaa. Uzito wa ziada umetoka wapi? Umetoka hewani. Kaboni iliyomo katika mafuta hujiunga na oksijeni ya hewa tunayovuta, na oksijeni ina uzito wake. Ndiyo kusema tangi la mafuta la lori linaposomeka kuwa tupu halikupoteza kitu. Kilichokuwamo kimepaa kikiwa kizito mara tatu kuliko kilivyoingia.

Sasa turudi kwenye treni. Gurudumu la chuma likipita juu ya reli ya chuma halibonyei, na reli nayo haibonyei. Tairi la mpira juu ya lami hubonyea kila linapogusa chini, hujinyoosha linapoondoka, na nguvu inayotumika katika kubonyea na kujinyoosha huishia kuwa joto. Gusa tairi la lori lililofika sasa hivi kutoka Nimule utaelewa. Joto lile ni dizeli iliyonunuliwa ikaungua bila kusogeza mzigo hata hatua moja. Aidha, treni ni ndefu na nyembamba. Behewa la pili hupita katika upenyo uliokwisha fumuliwa hewani na la kwanza, na la thelathini vivyo hivyo. Katika Kiarabu cha Juba wanafunzi wetu huiita treni gatar, na asili ya neno hilo katika Kiarabu ni ngamia waliofungwa mmoja nyuma ya mwingine katika msafara. Hatujui jina lililo sahihi zaidi kuliko hilo. Malori hamsini barabarani ni ngamia hamsini waliotawanyika. Kila mmoja anajipasulia upepo wake mwenyewe, na kila mmoja ana injini na dereva wake.

Kwa sababu hizo, treni ya kawaida ya dizeli ikijaa vizuri hutumia takriban robo ya mafuta ambayo malori yangetumia kusafirisha uzito ule ule kwa umbali ule ule. Robo hii ni kadirio. Hupanda na kushuka kutegemea milima, umri wa injini, na zaidi ya yote, kama mabehewa yamejaa. Treni inayokwenda nusu tupu hupoteza sehemu kubwa ya sifa zake.

Tulifanya hesabu ifuatayo darasani, nasi tunaiweka hapa ili kila mwalimu aweze kuirudia kwa chaki. Namba za lori ni za kukadiria, za lori la kawaida la trela. Kutoka bandari ya Mombasa hadi Juba kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,600. Tuchukue 1,600 kamili. Tuseme lori limebeba tani 27, na likiwa na mzigo linakula lita 45 kwa kila kilomita 100. Safari ya kuja ni lita 720. Halafu linarudi. Na hapa ndipo hesabu ya Juba inapoachana na hesabu za miji mingine, kwa sababu lori linalotoka Juba aghalabu hurudi tupu. Mafuta ghafi ya nchi yetu hutoka kwa bomba kupitia Sudan hadi Bahari ya Shamu. Mbali na mbao za msaji na bidhaa chache nyingine, hakuna mzigo mkubwa wa kuelekea Mombasa. Lori tupu likila lita 30 kwa kila kilomita 100, kurudi ni lita 480. Jumla ni lita 1,200, ambazo ni kilo 3,240 za hewaukaa. Gawanya kwa tani 27: kila tani iliyofika Juba imeacha nyuma kilo 120.

Tani ni kitu kikubwa mno kukiona akilini, kwa hiyo tukaigawa tena. Katika tani moja mna mifuko 20 ya mchele ya kilo 50. Kila mfuko wa mchele uliotoka melini Mombasa ukafika Juba kwa lori umechoma lita mbili na ushei za dizeli na kutoa kilo 6 za hewaukaa. Mwanafunzi aliyeuliza swali aliandika "kilo 6" kisha akaizungushia duara. Alisema mama yake huuza mchele.

Basi, reli ingebadilisha nini katika kilo hizo 6? Jibu linategemea neno ambalo wanafunzi wetu karibu wote hulikosea katika mtihani: kufaulisha. Wao huhusisha neno hili na kufaulu, wakadhani kumfaulisha mtu ni kumpa alama za kupita. Lakini Tanzania, basi likiharibika njiani abiria hufaulishwa katika basi jingine. Na bandarini shehena hufaulishwa kutoka chombo hadi chombo. Huko ni kuhamisha abiria au mizigo kutoka chombo kimoja na kuitia katika kingine ili safari iendelee. Shehena ya Juba haiwezi kufika Juba kwa reli, kwa kuwa reli ya kutoka pwani haijafika hapa. Lazima ifaulishwe mahali fulani. Kwa maoni yetu, mjadala wote wa reli na hewaukaa, kwa mtu aliyeko Juba, ni mjadala wa mahali pa kufaulisha.

Mahali pa sasa ni Naivasha. Reli mpya ya Kenya, ile inayoitwa SGR au reli ya kisasa, ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi tarehe 31 Mei 2017, na mizigo kuanzia Januari 2018. Mwaka 2019 ikafikishwa Suswa, karibu na Naivasha, na hapo pakajengwa bandari kavu, yaani kituo cha bara ambako makontena hupokelewa na kushughulikiwa kiforodha kana kwamba meli imefika papo hapo. Mwaka huo huo Kenya iliahidi kuipatia Sudan Kusini ardhi Naivasha kwa ajili ya shehena yake. Kutoka Mombasa hadi hapo ni kama kilomita 600 za reli.

Tukirudi ubaoni: kilomita 600 kati ya 1,600 zikienda kwa treni kwa robo ya hewaukaa, zile kilo 120 za kila tani zinashuka hadi 86 hivi, na mfuko wa mchele unatoka kilo 6 hadi 4 na theluthi moja. Si haba. Lakini kilomita 1,000 zilizobaki bado ni za lori, nazo ndizo mbaya zaidi: mteremko na mpando wa Bonde la Ufa, foleni za Malaba, kisha kaskazini hadi Elegu na Nimule.

Itakumbukwa jinsi jambo hili lilivyotekelezwa. Agosti 2019 mamlaka za Kenya ziliagiza mizigo yote ya Nairobi na bara ipande reli. Mombasa ikaandamana, maana mji ule uliishi kwa malori: madereva, makanika, wenye maghala, mama lishe wa Mariakani, na mji mzima mmoja baada ya mwingine kando ya barabara. Mwezi Oktoba mwaka huo agizo likasitishwa. Mwaka 2020, wakati wa korona, likaja agizo jingine kwamba shehena ya Uganda, Rwanda na Sudan Kusini ishughulikiwe Naivasha kuanzia Juni. Wafanyabiashara wa nchi hizo walilalamika kuwa gharama zimeongezeka: nauli ya treni, kisha gharama ya kufaulisha, kisha lori lile lile. Na mnamo Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kuwa kazi za kuondosha mizigo zirudi Mombasa.

Tunaitaja historia hii si kwa kumlaumu yeyote. Linalotuhusu ni kwamba katika mabishano yale ya miaka mitatu, hewaukaa ilikuwa karibu haisikiki. Watu walibishania deni la reli, ajira na gharama, nao walikuwa na haki. Lakini mtu akitaka mizigo ihame kwa ajili ya hewa na hali ya nchi, na akaihamisha kwa amri inayomfanya mwenye mchele alipe zaidi, asishangae amri hiyo ikifutwa. Kufaulisha kuna gharama isiyobadilika: kontena hunyanyuliwa mara moja tu, iwe treni imesafiri kilomita 600 au 1,300. Kadiri treni inavyokwenda mbali kabla ya kunyanyua huko, ndivyo gharama hiyo inavyotawanyika na kuwa nyepesi. Naivasha, kwa Juba, ni karibu mno na bahari.

Kuna kinaya kingine hapo Naivasha ambacho tunaomba ruhusa kukitaja. Kenya hupata umeme mwingi kutoka mvuke wa ardhini, na visima vya Olkaria viko jirani kabisa na njia hiyo ya reli. Treni inayopita juu ya mvuke ule inachoma dizeli. Tanzania imechukua njia nyingine: reli yake mpya ni ya umeme tangu mwanzo, nayo ilianza kubeba abiria mwaka 2024 kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na kisha Dodoma. Treni ya umeme haina hewaukaa yake yenyewe. Ina ile ya mtambo unaoizalishia umeme, na ukiwa ni mtambo wa maji, basi ni kidogo sana. Uganda nayo imechagua umeme katika reli ya kisasa ya Malaba hadi Kampala, ya kilomita 272, ambayo mkataba wake na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki ulitiwa saini Oktoba 2024.

Lakini sisi tunatazama mahali pengine. Kuna reli ya zamani, ile nyembamba iliyojengwa na Waingereza, ambayo tawi lake moja hutoka Tororo kupitia Mbale, Soroti na Lira hadi Gulu, na katika miaka ya 1960 lilifikishwa Pakwach. Vita vya kaskazini mwa Uganda viliiua. Ilifunguliwa tena mwaka 2013, ikalala tena, na katika miaka hii ya karibuni Uganda imeanza kukarabati kipande cha Tororo hadi Gulu, kilomita 375. Hakuna anayekiita cha kisasa. Treni zake hazitakimbia. Lakini kutoka Gulu hadi Juba ni kama kilomita 300 tu, nazo zote zina lami. Kipande chetu cha Nimule hadi Juba, kilomita 192, kilifunguliwa mwaka 2012, nacho kilikuwa barabara kuu ya kwanza ya lami katika nchi hii.

Ubaoni tena. Treni ikibeba mchele kilomita 1,300 hadi Gulu, na lori likaumalizia kwa kilomita 300, kila tani inaacha kilo 47 hivi mahali pa 120. Mfuko wa mchele unabaki na kilo 2 na kidogo. Punguzo hilo la asilimia 60 linatokana na mataruma na kokoto za reli iliyokwisha jengwa, hata kabla hatujafika kwenye umeme. Ni kweli kwamba reli hujipinda kuliko barabara, na kilomita zake ni nyingi zaidi. Injini kuukuu nazo hula zaidi. Mtu akitupunguzia asilimia kumi kwa sababu hizo hatutabishana naye.

Msomaji makini atauliza kwa nini isiwe treni moja kwa moja. Tatizo ni upana wa njia, ambao mafundi huuita geji. Reli mpya ya Kenya ina milimita 1,435 kati ya chuma na chuma. Reli ya zamani ya Kenya na Uganda ina 1,000. Behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine, kama vile mkokoteni mpana usivyoweza kufuata nyayo za mwembamba. Na reli pekee iliyomo ndani ya nchi yetu, ile iliyoshuka kutoka Babanusa na kufika Wau mwaka 1962, ina upana wa tatu, milimita 1,067. Wazee wa Bahr el Ghazal wanaikumbuka zaidi kwa treni za kijeshi kuliko kwa biashara, na tangu vita vya Sudan vilipozuka Aprili 2023 Babanusa penyewe pamekuwa uwanja wa mapigano. Kwa hiyo nchi tatu zimerithi geji tatu, na kila zinapokutana ni lazima kufaulisha. Mpango wa reli ya kutoka Lamu hadi Juba, uliozinduliwa kwa sherehe Machi 2012 mbele ya marais wa Kenya na Sudan Kusini na waziri mkuu wa Ethiopia, ungetuondolea adha hiyo. Bandari ya Lamu ilipokea meli zake za kwanza mwaka 2021. Reli bado.

Jambo ambalo vijana wetu hawalijui, na ambalo lilitusisimua tulipolisoma, ni kwamba babu zao waliwahi kuwa na njia ya mizigo na abiria karibu yote ikiwa ni ya reli na maji. Katika miaka ya 1930 msafiri aliweza kutoka Mombasa kwa treni, akavuka maziwa ya Uganda kwa meli, akashuka Mto Nile kutoka Ziwa Albert kupitia Pakwach hadi Nimule. Kutoka Juba aliingia meli nyingine hadi Kosti na kupanda treni ya Khartoum. Kati ya Nimule na Juba, ambapo maporomoko ya Fula huzuia vyombo, alilazimika kupanda gari. Ndiyo kusema pengo mojawapo la njia ile lilikuwa barabara hii hii tunayoizungumzia. Leo pengo limekuwa njia nzima. Sehemu ya maji iliyobaki ni matishali yanayotoka bandari ya Juba kuelekea Bor, Malakal na Renk, na tishali, kwa kuwa huelea, hushinda lori kwa uchache wa mafuta kama treni inavyolishinda. Hilo tunaliacha kwa makala nyingine.

Je, yote haya yanamhusu vipi mwalimu wa Kiswahili? Yanamhusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili cha Juba, kabla ya idara yetu na kabla ya nchi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, kililetwa kwa sehemu kubwa na malori. Maneno kama spea, breki, taniboi (Watanzania husema utingo) na forodha hatukuyafundisha sisi. Wanafunzi walikuja nayo. Katika yadi za malori Kiswahili ndicho lugha ya kazi kati ya dereva wa Kenya, wakala wa Uganda na mpakuzi wa Juba. Madereva hao walikaa foleni siku nyingi mipakani mwaka 2020 wakisubiri vipimo vya korona. Mwaka 2021 wenzao waliuawa katika barabara zetu hadi wakagoma Elegu wakidai ulinzi. Mtu akitaka kuwaambia kwamba mizigo ihamie kwenye reli, hawa ndio wa kuambiwa kwanza, na kwa lugha wanayoielewa. Hati za mipango ya reli tulizoziona zimeandikwa kwa Kiingereza. Hakuna hata moja iliyomweleza dereva kwamba treni ikifika Gulu, bado lori litahitajika kwa kilomita 300, na kwamba dereva anayefanya safari fupi nne hulala nyumbani mara nyingi zaidi kuliko anayefanya moja ndefu. Huenda asikubali. Lakini angalau angekuwa anabishania kitu anachokijua.

Njia ya pili ni hesabu ya nani anahesabiwa nini. Katika taarifa za kimataifa, hewaukaa ya malori huandikwa katika daftari la nchi ambako mafuta yaliuzwa. Lori la Juba hujaza tangi Mombasa, Nairobi, Eldoret au Gulu. Kwa hiyo reli ikifika Gulu, karibu punguzo lote litasomeka katika madaftari ya Kenya na Uganda, wala si letu. Wanafunzi kadhaa waliona hilo ni dhuluma. Sisi tuliwakumbusha kwamba maji yaliyoizingira Bentiu, katika mafuriko ambayo mwaka 2021 yalitajwa kuwa mabaya zaidi kwa miaka 60 hivi, hayakuuliza dizeli iliuzwa wapi. Tuliwaambia pia kwamba lita za dizeli zinazookolewa hulipwa na mtu, naye ni yule anayenunua mchele huku. Pamoja na hayo, tunakiri kwamba hatuna hakika kama nauli ikipungua bei ya sokoni nayo itapungua. Tumeiona nauli ikipanda na bei ikapanda kesho yake. Kinyume chake hatukukiona mara nyingi.

Mwanafunzi wetu hakuridhika na hapo. Wiki iliyofuata alikuja na hesabu yake mwenyewe. Alikuwa amesimama karibu na Freedom Bridge, daraja lililozinduliwa mwaka 2022, ambalo malori mengi ya Nimule hulipita kuingia mjini, akahesabu kwa saa moja malori yanayoingia na yanayotoka, na kuandika yapi yametiwa turubai na yapi yametoka na trela wazi. Namba zake hatuzichapishi kwa kuwa ni za saa moja tu. Ila alikuwa ameandika juu ya ukurasa, kwa Kiswahili safi, swali la pili: kama lori linarudi tupu, na treni nayo itarudi tupu kutoka Gulu, tutaijaza nini? Tumempa kazi hiyo kama insha, na tunamsubiri muhula ujao.